Fundo la Liputa

Mama Marthe alishuka kwenye pirogi, mtumbwi wa kuvukia mto, akitoka Lubunga ng'ambo, akaenda moja kwa moja hadi kwenye meza ya Djuma sokoni, anapouza karte, kadi za kumbukumbu za simu na tableti. Salamu hakutoa.

"Djuma, uko mwizi! Karte ya tatu hii imekufa. Watoto wananiangalia tu, tableti inasema hakuna kitabu!"

Marthe ni mwalimu, tena mkali. Vitabu vyote vya darasa lake vimo ndani ya karte moja, ndogo kama ukucha, na kila akivuka mto huichomoa. Tableti ikiibwa, anasema, angalau vitabu vitabaki.

Watu wakaanza kusogea. Neno mwizi sokoni si la mchezo. Mtu hupigwa kwanza, huulizwa baadaye. Djuma akanyoosha mkono.

"Mwalimu, karte yangu iko bien, nzima kabisa. Leta ile, nione."

Marthe akapeleka mkono kiunoni, akafungua fundo la liputa, kitenge alichojifunga. Ndimo mama yake alimotunza feza maisha yote, na haikupotea hata moja. Karte ikatoka imelowa jasho, meno yake ya shaba yameshika kutu ya kijani.

Djuma akaiinua watu waione. Wakaelewa kuwa jasho ndilo lililoiua, wakaanza kutawanyika.

Djuma akamnakilia vitabu vilevile kutoka kompyuta yake kwenye karte nyingine. Marthe akaipokea bila kuomba radhi, akageuka kuelekea mtoni. Kabla hajaipita meza ya jirani, vidole vyake vilikuwa vimeshaanza kuifunga karte kwenye fundo lilelile la liputa.