Asubuhi Mto Ulipokauka

Mvua ilinyesha usiku kucha, lakini asubuhi mto wetu ulikuwa umekauka.

Sitanii. Vilibaki vidimbwi tu, kambale wanajirusha kwenye tope.

Kijiji kizima tukashuka na nyavu na mabeseni. Nikamfunga binti yangu Boi mgongoni, nikaingia mpaka katikati.

Roho haikutulia. Maji yote yale ya mvua yameenda wapi? Nikamuuliza mama.

"Tenneh, okota samaki. Maswali utauliza ukishashiba."

Mara jirani yetu Kadie akatokea ukingoni anahema, anatoka shambani kwake huko juu.

"Tokeni humo. Kilima kimeporomoka, kimeziba mto. Maji yamejaa nyuma yake, yatashuka yote kwa mpigo."

Watu wakacheka. Kadie huyu huyu ambaye kila siku anagombana na watu kwa ajili ya samaki?

"Anataka tumwachie," mama akasema. "Kadie, leta beseni lako uokote, acha ujanja."

Kadie akatutazama, akageuka, akatimua mbio kuelekea nyumbani.

Nilitaka kutoka. Nikaona aibu kutoka peke yangu. Nikabaki, nikaendelea kuokota.

Baadaye kidogo nikasikia harufu ya moshi, halafu sauti: "Moto! Kijiji kinaungua!"

Hapo hakuna aliyebisha. Mabeseni tukayatupa, tukapanda ukingo tunakanyagana. Mama akateleza, nikamvuta mkono kama gunia.

Kufika juu, nyumba inayowaka ni ya Kadie. Nyasi za paa zilikuwa mbichi kwa mvua, moshi mzito ajabu. Mwenyewe kasimama pembeni, dumu la mafuta ya taa mkononi.

"Umechoma nyumba yako mwenyewe?" mama akauliza. "Una wazimu?"

"Mngenisikiliza, nisingechoma."

Ardhi ikaanza kutetemeka.

Ukaja mngurumo, kisha maji mekundu ya udongo, yamebeba miti mizima na mizizi yake. Yakapita palepale tulipokuwa tunacheka. Boi akanikaba shingo.

Mama akakaa chini.

"Kadie, utalala kwangu."

"Kwako kuna kelele," Kadie akasema, machozi yanamtiririka. "Lakini nitakuja."

Ndugu zangu, mtu msiyepatana naye akikwambia kuna hatari, sikiliza hatari, ugomvi wenu utasubiri.

Na ukiogopa, toka. Waache wacheke.