Ng'ombe Wetu Ukutani

Nilianza kukimbia kwa sababu ya presha, si kwa kupenda. Daktari alisema nikimbie kila asubuhi, nami nikaona kama ni kifungo, basi nikitumikie upesi kiishe. Kahama mama mtu mzima hakimbii bila sababu. Siku ya kwanza muuza maandazi alisimama na karai lake akaniuliza, "Mama, unakimbizwa na nani?" Mwenye baiskeli mmoja akageuka kabisa kuangalia nyuma yangu. Nikamjibu muuza maandazi kwamba nakimbizwa na chumvi, akacheka, nami nikaendelea kuhema.

Saa hizo maduka yamefungwa na bidhaa hazijatandazwa nje, kwa hiyo kuta zinaonekana. Nilikuwa nimeishi mji huu miaka mingi bila kujua kwamba umechorwa kila mahali: vichwa vya vijana kwenye saluni, samaki mkubwa kuliko mlango wa mgahawa, simba aliyekosa shingo. Nilianza kuchagua njia kwa ajili ya michoro. Hivyo ndivyo nilivyofika nyuma ya stendi, nikamwona ng'ombe wetu kwenye ukuta wa bucha.

Sisemi ng'ombe aliyefanana na wetu. Nasema wetu. Mwekundu, pembe moja imepinda hadi karibu na jicho, doa jeupe kwenye bega la kushoto. Kwetu Kishapu mtoto anaweza kusahau sura ya mjomba wake, lakini hasahau ng'ombe aliyemchunga. Yule alikufa kwa ukame zamani, na mtu pekee aliyekuwa na ugonjwa wa kumchora alikuwa mdogo wangu wa kiume. Alimchora kwa mkaa kwenye ghala, kwenye madumu, hata kwenye mlango wa choo, mpaka akachapwa.

Mdogo wangu alikwenda kuchimba dhahabu Mwakitolyo. Duara lao, yaani shimo lile la wachimbaji, lilititia na watu ndani. Wengine walisema alikuwa chini. Wengine walisema alishaondoka kabla, amefuata rashi mpya upande wa Geita, maana mchimbaji akisikia dhahabu imetoka mahali hata sufuria haoshi. Mwili haukupatikana. Mama alichagua habari ya pili. Ndugu walipokuja kukaa msiba aliwapa uji akawarudisha makwao. Hata nywele alikataa kunyoa. "Anayenyolewa ni mfiwa," alisema. "Mimi sijafiwa."

Nilipogusa ukuta wa bucha, kidole kilibaki na wekundu. Rangi ilikuwa mbichi. Nikampigia mama palepale, bado nahema, akadhani nimevamiwa.

"Mayu, nimemwona ng'ombe wetu. Kachorwa huku, jana au juzi."

Akauliza, "Doa lipo?"

"Lipo. Bega la kushoto."

Akapiga vigelegele hadi nikaiondoa simu sikioni. Akasema atakuja mara tu atakapopata wa kumwachia kuku.

Siku zilizofuata nilikimbia kama msichana. Nilimkuta ng'ombe wetu kwenye duka la dawa za mifugo, nikamkuta tena kwenye mgahawa, mdogo, chini ya sahani ya ugali, kama vile mchoraji alimweka pale kwa ajili yake mwenyewe. Kila mahali nilimuulizia mchoraji. Ni kijana mrefu, waliniambia, anakohoa sana. Mdogo wangu alikuwa mrefu. Kikohozi nikakipa sababu, vumbi la mawe. Mfa maji haishi kutapatapa.

Asubuhi ambayo mama alikuwa tayari kwenye basi kutoka Mhunze, Kishapu, nilimkuta mchoraji kazini. Alikuwa amesimama juu ya ndoo, amenipa mgongo, anachora ukuta wa kinyozi. Nilitaka kumwita. Ndipo nikamtazama ng'ombe.

Safari hii ng'ombe alielekea upande wa pili, ili kichwa kimwelekeze mteja mlangoni. Ulionekana ubavu wa kulia, na juu ya bega la kulia mchoraji ameweka doa jeupe. Ubavu wa kulia wa yule ng'ombe ulikuwa mwekundu mtupu. Mdogo wangu aliegemeza paji la uso pale kila jioni akimkamua. Asingeukosea hata angekuwa mlevi.

Kwa hiyo nilijua kabla kijana hajageuka. Akageuka, akasema, "Shikamoo mama," na mimi badala ya kuitikia nikamuuliza amemtoa wapi ng'ombe huyu.

"Kwa mwenzangu, Mwakitolyo. Tulilala turubai moja. Mvua ikinyesha hatushuki, basi yeye anachora huyo huyo kwenye turubai." Akakohoa. "Ng'ombe mwenyewe sikuwahi kumwona, mama. Namjua huyo wa turubai tu."

"Na mwenzako?"

Akaifuta brashi kwenye suruali. "Matimba, zile nguzo za kushikilia shimo, yalivunjika zamu yake. Tulichimba, maji yakatuzidi. Baadaye wakafukia."

Nilimchukia yule kijana. Hakuwa amenikosea kitu, lakini nilimchukia kwa kuwa yeye ndiye aliyebaki hai.

Mama alishuka saa sita na kuku mmoja kwenye kikapu na kibuyu cha maziwa mgando, cha mwanawe. Nilimpeleka moja kwa moja kwa kinyozi, nikamsimamisha mbele ya ukuta. Kijana alishaondoka. Mama alitabasamu alipoiona ile pembe. Kisha akasogea, akaweka kiganja juu ya doa, akakaa hivyo.

"Aliyemchora huyu," alisema, "hajawahi kumkamua."

"Ndiyo, mayu."

"Umeonana naye?"

"Nimeonana naye. Walikuwa pamoja. Mdogo wangu alikuwa chini."

Hakulia. Alinipa kikapu, akaingia ndani. Wanaume waliokuwa kwenye benchi walimpisha. Akaweka kibuyu sakafuni, akafungua kitambaa chake cha kichwani, akakaa kwenye kiti, kiganja bado cheupe kwa rangi.

"Ninyoe zote," alisema.

Kinyozi alinitazama, kisha akamuuliza taratibu, "Mama, kuna msiba?"

"Upo," alisema mama. "Wa mwanangu."

Kinyozi akazima redio, akaanza kutafuta wembe mpya.