Vijiko Vinne vya Poda

Kila nikisikia mtu mzima, aliyekalia benchi ya shule miaka kumi na miwili, akisema aljebra haijamsaidia kitu maishani, natamani nimpe kikombe cha maji tuliyotia dawa kule ufukweni, msimu ule mafuriko yalipokata mabomba ya mtaa wetu wa Mulongwe. Akinywe chote, halafu arudie maneno yake.

Maneno hayo niliyasema hata mimi, tena kwa sauti. Darasani nilikuwa na mdomo. Prof wa hesabu akiandika x ubaoni, ninanyoosha kidole: "Prof, huyu x anakaa avenue gani?" Darasa zima linavunjika mbavu. Yule mzee alikuwa anafuta ubao na kuanza upya, polepole, na mimi najiona nina akili. Pumbavu kabisa.

Basi, mabomba yalipokufa, mtaa ulirudi kuteka ziwani, na Uvira nzima inajua kipindupindu kinatokea wapi. Tukawekwa pale ufukweni watu watatu wa kutia maji dawa. Kazi yangu ilikuwa kukoroga poda ya klori asubuhi ndani ya bidon moja, yaani dumu la maji, kisha kwa sirinji isiyo na sindano kutia kidogo katika bidon ya kila mama anayepita. Pipa la kwanza la poda liliandikwa asilimia thelathini na tano. Tulikoroga vijiko vinne, maji yakanywika, hakuna aliyelalamika.

Pipa la pili lilikuja limeandikwa sabini.

Niliona. Naapa niliona. Nikamwita chef wa kituo, mkubwa wetu, bwana mwenye diplome aliyekuwa akiitaja hata akiombwa chumvi. "Chef, hii iko sabini. Ile ingine ilikuwa tatu-tano."

Akanikata jicho. "Poudre ni poudre. Tia vijiko ine. Weye ndiye utanifundisha minye? Mambo ya aljebra achia watoto wa shule."

Na mimi nikacheka naye! Nikatia vinne.

Kabla ya saa sita maji yananuka kama sakafu ya hospitali. "Wanatutilia sumu!" Wamama wakayamwaga pale pale miguuni pangu, wakapita nyuma ya mitumbwi, wakateka maji ya ziwa hivyo hivyo. Chef akawatukana: wajinga, watu wasiosoma. Wasiosoma! Pua za wale wamama zilikuwa zimekwisha kujua kile ambacho yeye, na diplome yake yote, alishindwa kukisoma kwenye pipa.

Mama yangu mzazi alikuwa kati yao. Alionja, akatema. "Minye sinywi hii kitu."

"Mama, usinitie haya mbele ya watu," nikamwambia.  Alijitwika bidon yake tupu, akawafuata wenzake nyuma ya mitumbwi.

Siku ya tatu alikuwa hawezi kusimama. Tulimpeleka kwa pikipiki, mimi nimemshika kwa nyuma, mpaka kwenye kambi ya wagonjwa wa kipindupindu, akalazwa kwenye kitanda chenye tundu katikati na ndoo chini yake. Macho yalikuwa yameingia ndani. Ukivuta ngozi ya mkono wake, inabaki vile vile imekunjika. Niliogopa vibaya sana. Serum inadondoka mshipani, mimi nimekaa pale sina la kufanya, nikachukua biki ya muuguzi nikaandika kiganjani: 35 mara 4 ni sawa na 70 mara x. Nikagawanya. x ni 2. Hata dakika haikuisha. Mtoto wa deuxième ya sekondari angeifanya huku anakula muhogo.

Kesho yake nilikwenda nikatia vijiko viwili bila kumwuliza mtu. Chef akaja juu: nani ameniruhusu? Nikamfungulia kiganja. Akakitazama, akakohoa, akaenda zake. Baada ya siku chache wamama walianza kurudi, na wageni wa ofisi walipokuja kukagua, bwana akajipiga kifua: "Tulifanya marekebisho ya kiufundi." Tulifanya! Mtu bure kabisa.

Lakini huyo simchukii kama ninavyojichukia mimi. Yeye hakujua. Mimi nilijua, nikacheka.

Mama alirudi nyumbani amekonda, nguo zinamning'inia. Nikamletea kikombe. Akanusa.

"Sasa munatia vijiko ngapi?"

"Mbili, mama."

"Na ile siku?"

"Ine."

"Nani alisema ine?"

"Chef."

"Na weye nilikusomesha mpaka wapi?"

"Mpaka sixième, mama, nikamaliza sekondari."

 Hakugomba, na afadhali angegomba. Akanirudishia kikombe mkononi.

"Kunywa weye kwanza."

Nikanywa. Alingoja mpaka nimeze, ndipo akapokea. Ni miaka sasa, mabomba yametengenezwa, na bado mama yangu hanywi maji niliyomletea mpaka anione nimetangulia mimi.