Homa ya Mzee Masanja

Nakumbuka Jumatano moja, mwanangu uliyevaa koti jeupe juzi tu, nilipoaibika wodini mbele ya wenzangu, nikaja kushukuru baadaye.

Nilikuwa na miaka minane ya kutibu hapa Bariadi. Mimi ni mtoto wa Lalago, nimekulia kwenye pamba na ng'ombe, na wagonjwa walinipenda kwa kuwa nilisema nao Kisukuma. Sifa zikanilevya. Kijana akisifiwa mno, masikio huziba.

Ndipo akaletwa Daktari Mwajuma, mama wa makamo kutoka Tanga, aje kutufundisha sisi tuliokwisha kuwa madaktari. Kila Jumatano alipita nasi kitanda kwa kitanda, na swali lake halikubadilika: "Umejuaje?" Tulinung'unika. Mkulima wa Dutwa anafundishwa kupalilia na nani?

Siku hiyo tulifika kwa Mzee Masanja, mfugaji wa Mwamapalala. Alikuwa amelazwa mara ya tatu kwa homa ileile, jasho linamtoka, viungo vinauma, hata zizi hawezi kulifungua. Mkewe alikaa pembeni, macho hayatutoki. Nikaeleza kwa kujiamini kwamba ni malaria sugu, nitarudia dawa.

Daktari Mwajuma akafungua faili. "Kipimo kinasemaje?"

"Hakuna wadudu, mara zote tatu. Lakini dalili ya mvua ni mawingu, mama. Huku kwetu homa ni malaria."

"Na mawingu mangapi umeyaona Bariadi yakapita bila tone?" aliuliza kwa upole. "Kipimo umekiagiza cha nini, baba, kama hutaki kusikia kinachosema?"

Wenzangu wakainamisha vichwa. Mimi uso uliniwaka.

Jibu hakunipa. Aliniambia nikasome mwongozo wa matibabu na tafiti za homa zinazokwenda na kurudi, kisha nirudi na maswali. Nilisoma kwa hasira, mwanangu, lakini nilisoma. Hasira ikaanza kugeuka hofu, maana kila ukurasa uliniuliza jambo ambalo sikumuuliza mzee.

Nikarudi wodini, nikavuta kiti kando ya kitanda cha mzee. Kumbe mara zote tatu sikuwahi kuketi. "Mwangaluka, baba," nikamwamkia kwa Kisukuma. "Ng'ombe wako hawajambo?"

Akaniambia majike wawili walikuwa wametupa mimba, naye aliwatoa ndama kwa mikono mitupu. Na maziwa? Huyanywa yangali na joto la chuchu.

Mimi, mtoto wa zizini, sikuwa nimeuliza! Kipimo kingine kikathibitisha: ugonjwa wa ng'ombe wa kutupa mimba ulikuwa umemwingia mtu. Nikamweleza dawa za wiki sita, na kwamba maziwa sasa yachemshwe.

"Ya kuchemsha hayana utamu, daktari," akalalamika.

"Utamu wa kaburini ndio unaoutaka?" mkewe akadakia. "Nitayachemsha mimi."

Dawa zilipokwisha, alikuja kliniki kwa miguu yake, akanibana mkono mpaka nikashtuka. "Wabeja, mwanangu!" akanishukuru.

Nikamwambia ukweli, kwamba nilimkosea mara tatu na aliyenisahihisha ni yule mama. Akacheka sana. "Hata mimi nimewahi kuchagua jike tasa kwa kujifanya najua ng'ombe."

Tangu hapo Jumatano niliingojea kwa hamu.

Basi mwanangu, mazoea yana taabu. Miaka ya kazi ni hazina, lakini inaweza kukufundisha kosa lilelile kila mwaka ukadhani ni ujuzi. Kipimo kikikukatalia, usigombane nacho. Soma waliochunguza kabla yako, uliza kilichothibitishwa, kisha keti na mgonjwa, kwa maana hakuna kitabu kinachojua anakunywa nini nyumbani kwake. Na mkubwa akikuuliza "umejuaje?", usione amekudharau. Amekuokoa wewe, na mtu aliyeko kitandani.

Mungu akupe ujasiri wa kusema "sijui, ngoja nitazame". Akupe na mtu wa kukurekebisha, na wewe umrekebishe mwingine kwa upole. Na wagonjwa wako wakirudi, warudi kukusalimia tu.