Shangazi Kwenye Benchi la Nyuma

Shangazi yangu alikuwa akipika busaa, pombe yetu ya mahindi na wimbi, kabla mimi sijazaliwa, lakini aligeuka kuwa mhalifu siku moja ya soko, Juni 2006, nikiwa tayari nina digrii. Askari wa utawala walimkuta nyumbani kwake Chwele akikaanga unga wa mahindi kwenye karai. Walimwaga kila kitu isipokuwa mtungi mmoja. Huo wakambebesha kichwani uwe ushahidi, wakampitisha katikati ya soko, kwa wauza vitunguu, kwa wauza kuku, mpaka kwa chifu. Sokoni hapakuwa na mtu asiyeijua busaa yake, na wengi waliijua kwa midomo yao wenyewe. Lakini baada ya kumwona chini ya ule mtungi walianza kumtazama kama mgeni.

Kanisani kwetu aliyekosa hafukuzwi. Huwekwa nyuma. Kuna benchi moja kando ya mlango, halina pa kuegemea, na ukiwekwa pale huimbi na kwaya, hushiki sahani ya sadaka wala huombi kwa sauti, mpaka siku utakaposimama mbele ya watu wote ukatubu. Shangazi ndiye aliyekuwa akiongoza nyimbo za akina mama. Wazee wa kanisa walimvua kitambaa chake cheupe, wakamwonyesha benchi.

Ingekuwa aibu ya kupita tu, kama binti yake wa pekee hangekuwa ameposwa. Harusi ilipangwa Desemba, katika kanisa hilohilo. Kwetu bibi harusi huingia taratibu huku akina mama wakimwimbia, na kwa miaka mingi aliyeanzisha wimbo huo alikuwa shangazi. Alikuwa amewaimbia mabinti wa watu wote. Sasa zamu ya wake ilikuwa imefika, na mtu wa nyuma haimbi.

Mimi nilikuwa nikikaa kwa dada yangu Kitale, asubuhi naandika barua za kuomba kazi, mchana nauza kadi za simu. Mimi ni mtu wa kuwaza. Mteja akiondoka bila kuaga, naweza kumfikiria hadi jioni. Na chuoni nilikuwa nimesomea hasa jambo hili: kwa nini watu huvunja kanuni za wenzao. Basi nilikaa kibandani nikimpima shangazi kwa kila nadharia niliyofundishwa. Kuna wanaosema jamii humfundisha kila mtu kutamani karo ya mtoto na bati juu ya nyumba, kisha ikawafungia baadhi mlango halali wa kuvipata, nao wakatoboa ukuta. Wengine wanasema uovu hufunzwa na walio karibu nawe, kama mapishi. Wengine, kwamba anayepotoka ni yule asiye na kamba za kumfunga kwa wenzake. Na wengine, kwamba uhalifu ni jina tu, na wapo wenye uwezo wa kulitoa. Zote zilimtosha shangazi, na hilo ndilo lililonitia wasiwasi. Mtu anayeenewa na kila nguo hakushonewa hata moja.

Jumapili nilianza kwenda Chwele kuketi naye. Hakuna aliyeniweka nyuma, nilijiweka.

"Karibu," mzee mmoja aliyeoa mke wa pili aliniambia siku ya kwanza, akinisogelea. "Huku hatuulizani."

"Huyu amesoma," shangazi akasema. "Amesomea watu kama sisi."

"Ati kuna shule ya hiyo? Si wangekuja hapa tu."

Upande wa pili aliketi mama mmoja wa kutoka Sirisia, mpishi wa chang'aa, ile pombe kali ya kukenekwa. Mahubiri yakiendelea, alikuwa akimnong'oneza shangazi jinsi molasi inavyochachuka upesi kuliko mahindi. Shangazi alikuwa hajawahi kuzungumza na mpishi wa chang'aa maishani mwake. Kanisa ndilo lililowakalisha bega kwa bega kila wiki. Nilitamani kusimama nimwambie mhubiri kwamba ameanzisha chuo.

Agosti ikafika, na ulikuwa mwaka wa tohara. Kila baada ya miaka miwili vijana wetu huingia jandoni, na kabla ya kukatwa, kijana mwenyewe humimina maji kwenye mtungi wa busaa itakayonywewa na wazee. Jioni moja mzee wa kanisa, mmoja wa wale waliomvua shangazi kitambaa, alipita uani kwake kofia mkononi.

"Mayi, yule mjukuu wangu anaingia wiki ijayo," akasema, akimwita mama kwa lugha ya kwetu. "Sasa mitungi miwili, mitatu hivi."

"Si mnasema ni dhambi?"

"Hii ni ya mila, bana. Si ya kuuza."

"Ya mila haileweshi?"

Mzee alicheka, akatazama barabarani kama kuna mtu anapita. Shangazi alimpikia, tena vizuri. Jumapili iliyofuata alikuwa benchi la nyuma, na mzee alikuwa mbele, akisoma Zaburi.

Oktoba nikashindwa kuvumilia. Nilikwenda mbele ya baraza la wazee wa kanisa na kuwaeleza kwa utulivu, kama nilivyofundishwa, kwamba mjane hana njia nyingi, kwamba hali ngumu humsukuma mtu pale ambapo hakupanga kufika. Walitikisa vichwa. Mmoja aliguna kwa huruma. Wakakata shauri: atasamehewa, mradi asimame aseme umaskini ndio uliomsukuma.

Nilikwenda nusu nikikimbia kumwambia. Alikuwa akichambua kimera cha wimbi. Mikono ilisimama.

"Uliwaambia nini?"

"Kwamba ulisukumwa."

"Na nani?"

"Na hali, shangazi."

"Na umewahi kuniona nikisukumwa na hali?" Aliweka ungo chini. "Nina shamba. Nina ng'ombe. Ningetaka sukuma wiki ningepanda sukuma wiki. Mimi napika kwa sababu naiweza hii kazi, na watu wakizunguka mtungi wangu wanaongea kama watu. Kama ni dhambi, ni yangu. Nitaijibu mimi. Wale waliniita mwovu, sawa. Wewe umeenda kuniita mnyonge."

"Na wimbo je?"

"Wimbo nautaka," akasema. "Lakini sitaununua kwa uongo."

Mpaka leo sidhani nilikosea kuwakabili wale wazee. Nilichowapa tu ndicho kilichokuwa chepesi: mtu asiye na mikono, anayesukumwa huku na huku na hali. Jumamosi nilirudi mbele yao nikawaomba wafute niliyosema.

"Kwani si maskini?" mwenyekiti akauliza.

"Muulizeni yeye. Lakini kabla hamjamuuliza, mniambie ninyi Agosti mlisukumwa na nini."

"Hiyo ni mila," akasema yule mwenye mjukuu.

"Na mila ilipikwa na nani, mzee?"

Mwenyekiti akafunga kikao kwa maombi marefu, na shangazi akabaki nyuma.

Siku ya harusi kanisa lilijaa mpaka madirishani. Mama wa bwana harusi aliketi mbele kando ya kiti kitupu cha mama wa bibi harusi. Sisi tulikuwa mahali petu, shangazi katika gauni jipya la kijani, mikono mapajani. Kuna jambo ambalo wazee hawakulifikiria walipoliweka benchi lile pale: liko mlangoni. Bibi harusi hapiti popote kabla ya kulipita.

Kiongozi mpya wa akina mama alianzisha wimbo kule mbele. Binti aliingia, akapiga hatua chache, akasimama mbele yetu. Kisha akakusanya lile vazi jeupe na kuketi benchini, kati yangu na mama yake. Nilisogea kumpisha. Wimbo ulipungua sauti moja baada ya nyingine, hadi kanisa likawa kimya.

Mchungaji alikuja mwenyewe mpaka nyuma. "Binti, tunakungoja."

"Nangoja kuimbiwa," akasema.

Mchungaji alimtazama, akamtazama shangazi, akatazama umati uliokuwa umegeuza shingo zote.

"Basi aimbiwe," akasema.

Shangazi alisimama. Hakutubu, hakueleza. Alianzisha wimbo palepale mlangoni kwa sauti yake nzito, na akina mama wakaupokea kwa mazoea, kabla hawajakumbuka kwamba hawaruhusiwi. Alimpeleka binti yake kwa hatua za dansi mpaka mbele, akamkabidhi, akakipita kile kiti kitupu bila kukiangalia, na kurudi kwetu.

Mzee wa wake wawili alimpisha. "Mbele kukoje?"

"Kuna joto," shangazi akasema, akaketi.