Khanga Zilizolowa, Sanduku Lililobaki Kavu

Nilikuwa Sumbawanga, nafunga mkanda wa mashine ya kusaga, dada yangu Zena aliponipigia simu kusema maji yameingia dukani. Redio ilikuwa imetangaza kwamba kimbunga kinaelekea pwani, kisha ikasema kimepungua nguvu kabla ya kugusa nchi kavu. Nikadhani yamekwisha. Zena akasema upepo umeng'oa mabati ya uani, mvua imenyesha siku mbili bila kupumzika, na mfereji wa mtaa wao pale Kariakoo umefurika mpaka ndani. Robota zake za khanga zilikuwa chini sakafuni. Hakuniomba niende. Aliuliza tu, kama alivyouliza mwisho wa kila simu kwa miaka kumi na tisa, "Unarudi lini?"

Zena ana fremu moja ya duka, mbele ya nyumba ya zamani iliyobanwa na maghorofa mawili. Tangu mumewe afariki, khanga ndizo zilizomlisha na kusomesha wanawe. Zile zikiharibika, hana pengine pa kuanzia. Mimi ndiye mdogo wake pekee. Nimekaa Songea, Mpanda, Tunduma, na kila nilipokaa niliwachosha watu kwa habari za Magomeni ya utotoni. Nikamwomba tajiri ruhusa.

Alfajiri ya siku ya pili nilipanda basi la Mbeya, nikalala huko, kesho yake nikapata la Dar. Mpaka Iringa jua lilikuwa linawaka na abiria walibishana kama hicho kimbunga kilikuwepo kweli. Baada ya Morogoro hakuna aliyebisha tena. Minazi ilikuwa imelala, nguzo za umeme zimeinama, na Chalinze tulikuta msururu wa malori kwa sababu mbele maji yalikuwa yamekatiza barabara. Tulilala kwenye viti.

Asubuhi ya siku ya nne tulishuka Mbezi. Mwendokasi ulinifikisha Magomeni tu. Jangwani palikuwa pamefungwa, bonde lote limekuwa ziwa la kahawia. Nikatembea kidogo kwenye mitaa niliyokulia. Magodoro yalikuwa yameanikwa juu ya mapaa, makochi yamepangwa barabarani kama watu wanasubiri wageni, na kila mlangoni mtu alikuwa anakwangua tope kwa sepetu. Mahali ilipokuwa nyumba yetu, iliyouzwa baada ya mama kufariki, pana ghorofa ya vyumba vya kupanga. Mwanamke mmoja aliniuliza natafuta nani. Nikamwambia napita tu.

Bodaboda alinizungusha kupitia Ilala hadi Kariakoo. Mbele ya kila duka palikuwa na kichuguu cha tope jeusi lililotolewa mferejini, linanuka. Kijana aliyetandaza viatu vilivyolowa alikuwa ananadi: "Viatu vimeogelea, bei imezama!"

Zena nilimkuta uani, khanga moja kiunoni, mikono nyeusi mpaka kwenye viwiko.

"Shikamoo dada."

"Marahaba. Umekonda. Vua viatu, shika ndoo."

Stoo yake ni chumba cha nyuma ya fremu. Ukutani, karibu na dari, kuna rafu moja ya mbao nene. Juu yake, kavu kabisa, lilikaa sanduku langu la bati la tangu shule, lile nililomwachia siku nilipoondoka nikimwambia nitalifuata nikirudi moja kwa moja. Mstari wa maji ulikuwa umepita chini ya rafu, kiasi cha magoti. Nilifurahi. Nikasema afadhali sanduku limepona. Zena aliendelea kukamua.

Siku hiyo nzima tulitenga. Khanga za chini kabisa zilikunywa maji ya mfereji, yaliyochanganyika na ya vyooni. Hizo alizitupa upande bila kuzitazama mara mbili, zikawa matambara ya kupigia deki mtaa mzima. Za juu yake zililoweshwa na mvua iliyopita kwenye paa, upande wa uani, mbali na rafu. Hizo ndizo alitaka kuziokoa. Kisutu, ile nyekundu na nyeusi ya harusi, ilikuwa imechuja na kuzitia wekundu jirani zake. Tope tulilisomba na kulitia kwenye viroba, maana likiachwa kando ya mfereji, mvua ikinyesha linarudi lilikotoka.

Kesho yake Zena alikwenda Gerezani kutafuta mabati, akaniacha uani na marundo ya khanga zilizosuuzwa. Kamba zilikuwa tatu tu, fupi. Khanga mpya huuzwa doti, vipande viwili ambavyo havijatenganishwa, na doti ni ndefu. Kila niliyoanika iliburuza pembe zake kwenye tope. Nikajiona mjanja. Nikashika katikati, nikapasua. Zikapungua urefu, zikakaa vizuri, upepo ukazipata. Zena aliporudi nilikuwa nimepasua zaidi ya thelathini.

Alisimama na mabati yake kichwani.

"Hamisi, umefanya nini?"

"Hivi zinakauka haraka."

Akatua mabati polepole, akashika vipande viwili vya nakshi ya korosho, akavilinganisha. "Doti haipasuliwi na muuzaji. Anapasua mwenyewe aliyeinunua, akapinde. Nani atanunua khanga iliyokwisha kuvaliwa na kamba?"

Jirani yake, Mangi, anayeuza ndoo na mabeseni fremu ya pili, alichungulia juu ya ukuta akacheka. Akasema yeye Mchaga wa Rombo anayajua hayo, mtoto wa Magomeni inakuwaje haelewi. Niliona aibu, na aibu ikanitoa maneno. Nikamwambia Zena kosa si langu. Nani anaweka robota chini katika mtaa huu unaofurika kila mwaka, na rafu ipo?

Zena akavitundika vile vipande kwenye kamba. Akaingia ndani. Mangi ndiye aliyejibu, na safari hii hakucheka.

"Siku ya upepo nilikuja kumsaidia. Nikamwambia mama, tulishushe hilo sanduku, tupandishe mali. Akakataa. Akasema humo mna vyeti vya mdogo wake, vikilowa hatapata vingine, na aliahidi halitashushwa mpaka mwenyewe aje kulichukua. Kila masika nasema hivyo hivyo, kaka. Kila masika jibu ni hilo."

Nikaiacha kamba, nikaenda kubeba viroba vya tope.

Siku mbili zilizofuata nilifanya kila nilichoambiwa. Tulizichemsha khanga zote zilizobaki kwenye sufuria kubwa ya kukodi, ile ya shughuli, mara mbili, tukazianika juu ya mabati mapya. Nilipojaribu kushauri kwamba zile ambazo sijazipasua tuzitie wanga, tuzipige pasi na kuzikunja kama mpya, kwa kuwa nilisikia wengine mtaani wanafanya hivyo, Zena alinitazama.

"Mteja akifika kwake akainusa, atakayekumbukwa ni mimi. Wewe utakuwa Sumbawanga."

Siku ya nane, mchana, waliingia mama mmoja na binti yake mjamzito, wa siku chache kujifungua. Walitoka Magomeni. Khanga za uzazi, zile ambazo mjamzito hununua mapema, akazifua mpaka zikalainika ndipo akazibeba kwenda wodini, zilikuwa zimekwenda na maji pamoja na begi lake. Wakataka mpya, wakazifue haraka. Zena angeweza kuwapa zilizokuwa zimebaki kavu dirishani. Badala yake aliwatolea vile vipande.

"Hizi zililowa mvua ya dari. Za mfereji nilizitupa. Hizi zimechemshwa mara mbili, zimelainika, na vipande vimeachana. Si mpya, sitawadanganya."

Yule mama alinusa kimoja, akakisugua shavuni, akakiangalia dhidi ya mwanga. "Nani kazipasua?"

Zena akanionyesha kwa kidevu. Nikajiandaa kuchekwa.

"Kafanya la maana," mama akasema. "Mtoto havalishwi doti."

Walichukua sita. Jioni ile akaja dada wa jirani yao, kesho yake wakaja watatu. Bonde lile lilikuwa na waja wazito wengi waliopoteza mafurushi yao, na Zena alimwambia kila mmoja maneno yale yale, kwa mpangilio ule ule, hata pale nilipoona hakuna aliyeuliza. Vipande vyangu vilikwisha kabla ya doti nzima. Doti alizishushia bei, akaziita za kuvaa nyumbani, nazo zikaanza kutoka. Kisutu haikupona. Lakini alikuwa na cha kuanzia, na alikwisha kuagiza robota mbili.

Asubuhi ya siku ya kumi na moja nilileta ngazi ya Mangi, nikalishusha sanduku. Zena alikuja akasimama mlangoni. Ndani mlikuwa na sweta la shule, madaftari, redio isiyo na mgongo, kaseti kama ishirini na kofia ya baba. Cheti cha kidato cha nne hakikuwamo. Nilijua hakimo nilipogusa kufuli. Nilikitoa mwenyewe nilipokuja kumzika mama, Zena akiwa Magomeni na waombolezaji; kiko Sumbawanga kwenye faili la plastiki, na sikukumbuka kumwambia.

Nikamwambia.

Alichukua kaseti moja, akaigeuza, akairudisha. "Kwa hiyo nilikuwa nalinda kaseti."

Nilichukua kofia. Sanduku alilitaka Mangi, kwa ajili ya vifuniko vya ndoo. Mchana robota mpya zilipofika tulizipandisha wote watatu, zikaijaza rafu, ila pembeni Zena akaacha nafasi ya robota moja. Nilikuwa nikiamini kuwa kwa kuacha vitu Dar nimeacha mlango wazi. Kumbe nilikuwa nimemwachia mtu mwingine kazi ya kuushikilia, miaka kumi na tisa, kwa mkono wake mmoja.

Siku ya kumi na mbili, kabla ya saa kumi na mbili asubuhi, Zena alinisindikiza mpaka kituoni. Nikamwambia nitakuja kumtazama, sikukuu na misiba, lakini sirudi kukaa, na asiniwekee nafasi tena. Nilitegemea atalia au atanigombeza.

"Ungesema mapema," akasema, "ningeagiza robota tatu."

Basi lilipokuwa linapita mbugani Mikumi, simu ikaita. Akanieleza kwamba yule binti wa kwanza amejifungua salama, mtoto wa kike. Kisha nikangoja swali lake. Akauliza nimefika wapi. Nikamwambia Mikumi.

"Haya, nenda salama," akasema. "Nina mteja."