Mahali Pasipo na Ndugu

Mke wa mpwa wangu hushona kola. Watu wakisikia anafanya kazi kiwanda cha mashati hudhani anashona shati zima, mikono na vifungo na mfuko, lakini kiwandani hakuna anayeshona shati zima. Huyu mikono, yule vifungo, yeye kola. Analetewa vipande vimefungwa kwa kamba, anashona pande tatu, anapunguza kitambaa kwa mkasi, anaigeuza ya ndani ije nje, halafu anasukuma ncha kwa kijiti mpaka zichongoke. Ncha moja ikizidi mwenzake, shati zima linaonekana limelewa. Basi wenzake wakamwita Kola, jina likamfuata mpaka nyumbani, nami namwita hivyo hivyo na anaitika.

Mumewe, mpwa wangu, ni fundi wa friji, na mtaa mzima unamwita Fundi. Ni mtoto wa marehemu dada yangu. Ana moyo wa maji: ukiuinamisha huku, unamwagikia huku. Mtu akimgongea wakati wa chakula kwamba nyama inaoza, anaacha tonge hewani, anabeba mkoba wake wa spana na mtungi mdogo wa gesi, huyoo. Neno hapana hakuzaliwa nalo, wala hakuna aliyepata nafasi ya kumfundisha.

Mimi nakaa chumba chao cha uani. Zamani nilikuwa mpaka rangi, nikifuata kazi popote palipokuwa na ukuta mkavu: shule, maghala, zahanati. Nimelala miji mingi kuliko niwezavyo kuitaja, na mingine naikumbuka kwa rangi tu. Siku hizi safari yangu ni kutoka kitandani mpaka benchi la mlangoni. Lakini benchi nalo lina habari zake.

Mambo yalianzia kwa mtoto. Wana binti mmoja, yupo katika umri ule wa kuuliza jua linalala kwa nani. Jioni moja mlango uligongwa, mtoto akachungulia, akarudi jikoni mbio.

"Mama, fundi amekuja."

"Fundi gani?"

"Fundi!"

Alikuwa baba yake, kasahau ufunguo.

Mpwa wangu alicheka mpaka akashika ukuta. Mimi nilicheka mpaka nikakohoa. Kola hakucheka. Aliosha vyombo, akavipanga sahani juu ya sahani bila mlio, nami nikajua kuna shauri limekwisha kukatwa. Alipokausha mikono akasema, "Mwisho wa mwezi kiwanda kinafungwa, mashine zinafanyiwa matengenezo. Tunasafiri siku tatu. Mimi, wewe na mtoto."

"Vizuri," mpwa wangu akasema. "Tunakwenda kwa nani?"

Hapo ndipo lilipo neno lenyewe. Katika ukoo wetu mtu hasafiri kwenda mahali, husafiri kwenda kwa mtu. Ukitaja mji, tutakuuliza yupo nani. Ukisema hayupo mtu, tutadhani unakimbia kesi.

"Hatuendi kwa mtu," Kola akajibu. "Tunakwenda mahali."

"Tutalala wapi?"

"Gesti."

"Gesti? Na ndugu wapo?" Alivyosema utadhani kaambiwa watalala barabarani.

"Ndugu wapo, nawaheshimu, na hao ndio siwaendei safari hii. Tukifika kwa ndugu mimi naingizwa jikoni na wanawake wenzangu, mtoto anachukuliwa na watoto wenzake, na wewe unaonyeshwa friji. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Wewe jembe unapewa mlangoni, hata viatu hujavua."

Mpwa wangu akanitazama mimi. Nami nikatazama miguu yangu.

Basi ikaanza kazi ya kuchagua. Kiwandani kila mtu alikuwa na mji wake mkononi. Mshona vifungo alimwambia aende kwenye hoteli kubwa yenye bwawa la kuogelea, avae miwani ya jua, apigwe picha ya kuwatia wivu maadui. Kola akamwambia maadui hana, na bwawa lenye kina na mtoto asiyetulia ni kwenda kukesha, si kwenda kupumzika. Mzee wa kupiga pasi alimshauri wakatazame wanyama.

"Mwanangu anamkimbia paka," Kola akasema. "Simba nitamweleza nini?"

Aliyechambua zaidi ni yeye mwenyewe. Alitaka gari lisizidi nusu siku, maana mtoto akichoka anawachosha abiria wote. Alitaka pawe na pa kutembea bila kulipa kila mlango. Juu ya hayo pasiwe na ndugu, upande wake wala upande wa mumewe.

Kwanza akachagua mji ulio kando ya ziwa. Mahali pazuri, nimewahi kupaka rangi ghala la samaki pale. Asubuhi alimwambia mumewe, na jioni simu ikalia. Alikuwa binamu wa mpwa wangu, sauti imejaa furaha mpaka mimi uani niliisikia. "Nasikia mnakuja huku! Godoro limepatikana. Na lile friji langu, Fundi, lile linalovuja, nimeliambia livumilie, mwenyewe anakuja!"

Kola aliweka kijiko chini. "Nani kamwambia?"

"Alinisalimu tu," mpwa wangu akasema. "Nami nikajibu salamu."

Akachagua mahali pengine, penye chemchemi za maji moto. Mara hii mpwa wangu hakumwambia ndugu yeyote. Alimwambia mteja, wakati amelala kifudifudi nyuma ya friji lake. Mteja naye akakumbuka kwamba dada yake ameolewa huko na mtoto wa shangazi wa babake mpwa wangu. Kabla friji halijaanza kupoa, undugu ulikwisha kuungwa.

Kola hakugomba. Siku ya mapumziko alikuja akaketi nami kwenye benchi, akanishika mkono kama mtu anayemshika shahidi.

"Mjomba, wewe umezunguka nchi nzima na ukoo huu unaujua mpaka mizizi. Nitajie mji ambao hatuna mtu."

Nilifikiri sana. Mji wa reli ulikuwa na wajukuu wa kaka yangu. Kule kwenye mashamba ya miwa tuna watu wawili ambao hawasemezani, ukifikia kwa mmoja umemtukana mwingine. Mpakani yupo yule aliyetoroka na pikipiki ya kanisa, na huyo hatumtaji. Mwishowe nikakumbuka mji mmoja mdogo juu milimani, nilikopaka rangi paa la shule. Kuna bwawa la kuchotea maji ya mji, miti mirefu iliyojipanga yenyewe kama wanafunzi, na barabara moja inayozunguka bwawa mpaka inajirudia. Na baridi yake! Asubuhi rangi ilikuwa inagoma kutoka kwenye kopo.

"Ndugu?"

"Hakuna. Watu wetu hawapendi baridi."

Uso wa Kola ukaanza kufunguka taratibu. "Mjomba, na huko kwenye baridi, nani ana friji?"

Wallahi hilo sikuwa nimeliwaza. Siku hiyo hiyo alitafuta namba ya gesti ya huko, akapiga mbele yangu. Akauliza vyumba, akauliza blanketi, kisha akauliza, "Friji mnalo?"

"Samahani sana, mama," mwenye gesti akajibu kwa unyonge. "Hatuna, ila ukihitaji tunaweza kukutafutia..."

"Hapana! Msitafute! Nashika chumba."

Nilimuuliza kama atamficha mumewe mpaka siku ya safari. Akakataa. "Sitaki kumbeba mume wangu kama mzigo, asijue anapelekwa wapi. Nitamwambia. Akiupeleka na huu mji kwa watu, basi nitakuwa nimejua."

Akamwambia. Na mpwa wangu, nasema nilichokiona, alitembea na siri ile kama mtu aliyemeza kokwa. Simu ikilia anaitazama kwanza, anavuta pumzi, ndipo anapokea. Kwa kila mtu alisema tu kwamba hatakuwepo. Nikaanza kuamini.

Mchana wa kuamkia safari, Shangazi akaingia.

Huyu ni dada wa marehemu baba yake, na ndiye aliyemlea mpwa wangu baada ya dada yangu kufariki. Kwangu ni shemeji. Ni mwanamke mnene wa sauti, hata akinong'ona majirani hujibu. Aliingia na begi lililojaa mpaka likafungwa kamba, akalitua katikati ya chumba, akakaa juu yake.

"Nimeambiwa kiwanda kinafungwa na nyinyi mnasafiri," akasema. "Haya, nimekuja. Mtoto nitambeba mimi, nyinyi mtembee mikono mitupu kama wachumba."

"Shemeji," nikamwambia, "maji kwanza."

"Maji nitakunywa huko tuendako. Ni wapi?"

Mpwa wangu alikwenda jikoni kwa mkewe, akifunga na kufungua kiganja. Dirisha la jikoni liko juu ya benchi langu, masikio hayana kifuniko.

"Mwambie wewe," akamnong'oneza. "Wewe unajua kusema."

"Nikisema mimi, ni mke mbaya aliyemtenga mtoto wa watu na ukoo wake, na nitaitwa hivyo mpaka nizikwe. Ukisema wewe, ni mume wa mtu na baba wa mtu. Mimi nakwenda kufunga begi. Nitafunga nguo za watu watatu."

Akatoka. Kweli akaanza kukunja nguo, sweta ya mtoto, soksi, bila kutazama upande wowote.

Mpwa wangu akarudi mbele ya Shangazi. "Shangazi, kule kuna baridi sana."

"Sweta ninayo."

"Gari linapanda milima, kona tupu."

"Mimi nimepanda malori ya viazi, nimekaa juu ya viazi."

"Chumba ni kimoja."

"Nitalala chini. Nilikulaza kifuani mwaka mzima ukilia mama, nitashindwa na sakafu?"

Hilo lilikuwa la kweli, na sote tulilijua. Niliona shati la mpwa wangu likilowa mgongoni. Nikasema moyoni, basi, safari imekwisha, watakwenda wanne, na huko juu bibi huyu atavumbua ndugu hata kwenye miti.

Mpwa wangu akachuchumaa mpaka macho yao yakawa sawa.

"Shangazi, huendi."

"Unasemaje?"

"Nimekosea kuanza na baridi. Sweta unayo, najua, na sakafu unaiweza. Hata ungekuwa na gari lako mwenyewe, safari hii huendi. Nakwenda na mke wangu na mwanangu. Peke yetu."

"Na huyu shemeji yangu?"

"Mjomba haendi."

"Lakini anajua ni wapi."

"Anajua."

"Na mimi sijui."

"Hujui, shangazi. Na leo sikwambii."

Shangazi alifungua kitambaa cha kichwa, akakifunga upya, polepole. "Nani amekufundisha maneno haya?" Akamtupia Kola jicho.

Mpwa wangu hakugeuka kumtazama mkewe. "Nimesema mwenyewe. Na nikirudi nitakuja kwako, nikae mpaka unifukuze. Lakini hizi siku tatu si zako."

Kola alikuwa ameshika soksi moja, nyingine imemponyoka. Shangazi alimtazama kijana wake muda, kama mtu anayepima kitambaa dukani, kisha akaguna.

"Kumbe una mdomo. Miaka yote nilidhani nimelea bomba, apitaye anafungua." Akainuka juu ya begi, akaanza kufungua kamba. "Basi mimi nalala hapa mpaka mrudi. Siwezi kurudi leo leo na begi limefungwa, nichekwe na wapangaji wangu. Mwanangu Kola, nipe hayo maji sasa."

Wakaondoka asubuhi, watatu, begi moja, mtoto juu ya mabega ya baba yake akigonga fremu ya mlango kwa kichwa na kukataa kulia.

Tukabaki wazee wawili. Shangazi hakunipa nafasi. Chai, swali. Chakula, swali. "Shemeji, ni kule kwenye ziwa?" Namwambia, shemeji, kula. "Ni kule kwenye maji moto?" Shemeji, chumvi hiyo hapo. Akaniambia mimi ni mnafiki na nimekonda kwa siri. Nikamwambia nimekonda kwa upishi wake. Alinirushia kitambaa cha kufutia meza, na kwa kweli alicheka.

Siku ya pili Kola akapiga simu yangu, akamwomba Shangazi mwenyewe, si mimi. Alisema wamefika salama, wamelizunguka bwawa kwa miguu, na mtoto amelala mgongoni mwa baba yake. Kila Kola akitaka kumpokea, mtoto anamkaza baba shingo, hataki kutoka. Shangazi alisikiliza bila kukata neno, jambo ambalo sijaliona tena. Hakuuliza ni wapi. Alisema tu, "Mfunikeni," akakata simu, akakaa akiitazama ile simu kwenye mapaja yake.

Hapo mlango ukagongwa. Alikuwa mwenye duka la maziwa la kona ya pili, jasho linamtiririka, aproni imelowa mbele. Friji lake kubwa lilikuwa limezimika na asubuhi amepokea mzigo mzima.

"Fundi hayupo," Shangazi akamwambia.

"Nimepiga namba yake, imezimwa. Nasikia anayo nyingine ya nyumbani. Mama, nisaidie. Anieleze kwa simu tu, dakika moja, nitafungua mwenyewe."

Namba nyingine ilikuwepo, ya simu ya Kola, ile iliyotoka kupiga sasa hivi, bado inang'aa kwenye kioo mkononi mwa Shangazi. Mwenye duka aliiona. Mimi niliiona. Ningekuwa mimi, pengine ningeitoa, maana namjua yule bwana na nakopa kwake.

"Namba ninayo," Shangazi akasema, akaitia simu kifuani. "Sikupi."

"Mama, maziwa yataharibika!"

"Chemsha," akamwambia, akafunga mlango.